Bibi K. wa Sura ya Tano

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa shule, Marjun, kaingia chumba cha walimu asubuhi na kuuliza nani atatuchagulia kitabu cha kiada cha saikolojia kwa wanaoanza. Wenzangu wote wakainamia kahawa zao. Mimi nilikuwa nimeinua kichwa kutafuta sukari. Somo lenyewe nililipata hivyohivyo miaka ile — mimi ni mwalimu wa jiografia — na sasa nimepata na kitabu.

"Hanus, wewe ni mtu wa watu," kasema. Maana yake sina shughuli jioni.

Vitabu ni viwili. Cha kwanza ni cha Kidenmaki, kinene, picha ya ubongo kwenye jalada. Nimekiweka kwenye mizani ya jikoni. Kinazidi mguu wa kondoo.

Cha pili ni cha Bergur. Bergur ndiye mwanasaikolojia wetu upande huu wa visiwa, na tulikaa dawati moja tukiwa watoto. Ameandika kwa Kifaroe, lugha ya visiwa vyetu, tunayoitumia kugombana na kuota ndoto. Bado ni rundo la karatasi lililofungwa kwa uzi wa sufu. Mchapishaji amesema atakichapa shule yetu ikikubali kukitumia. Isipokubali, Bergur atakuwa na karatasi za kuwashia jiko hadi astaafu.

Jibu linatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo kabla ya chakula cha mchana. Nimeamua kuwajaribia wanafunzi sura moja ya kila kitabu, sura ya hofu, wao waseme. Naona ni njia ya kisayansi. Pia inapunguza lawama.

Jumanne, 4 Machi

Leo Kidenmaki. Mfano wa kitabu: bwana mmoja wa mjini anaogopa lifti. Kurasa nyingi za lifti. Nikauliza darasa nani amewahi kupata hofu ndani ya lifti. Kwetu lifti ni moja, ya nyumba ya wazee, na wanaoipanda wana mambo mengine ya kuogopa.

Rani, ambaye hukaa nyuma akitikisa kiti, kauliza, "Si apande ngazi tu?"

Nikamweleza kuwa hiyo si dawa, ndiyo ugonjwa wenyewe. Mtu akikwepa, hofu inanenepa.

"Lakini ngazi ni nzuri kwa moyo, mwalimu. Wewe mwenyewe ungejaribu."

Darasa likacheka. Ngazi za shule zinanijua kwa kuhema.

Nusu yao hawakumaliza sura. Si kwamba Kidenmaki kinawashinda, wanakijua tangu wadogo. Bjarta, msichana mtulivu anayekaa kijijini kwetu, ndiye aliyelisema vizuri: "Kila neno naelewa. Ila naona kama anasemwa mtu mwingine."

Alhamisi, 6 Machi

Lazima niandike hili kama lilivyokuwa, maana kesho nitaanza kulipamba.

Kitabu cha Bergur nilikuwa nimesoma sura ya kwanza na ya mwisho tu. Nikatoa nakala za sura ya tano, nikamwomba Bjarta asome kwa sauti, mimi nikafungua dirisha.

Bibi K., akasoma, ni mwokaji mikate wa miaka hamsini na saba. Anaishi kijiji kilichounganishwa na mji kwa handaki linalopita ndani ya mlima. Hajawahi kupita humo. Hutumia barabara ya zamani ya juu mlimani, na theluji ikiifunga, hukaa nyumbani.

Alipofika kwenye "barabara ya zamani" darasa zima lilikuwa limegeuka kunitazama, wote kwa pamoja, kama kondoo walioona mbwa. Barabara ile, ukiacha kondoo wenyewe, ina mtumiaji mmoja. Gari jekundu. Dada yangu Sunneva.

"Mwalimu," kasema Rani, "tangu lini Bi Sunneva anaoka mikate? Si yuko kiwanda cha samaki?"

Nikasema kwamba jina na kazi hubadilishwa ili kulinda siri ya mhusika.

"Siri ipi?"

Nikamwashiria Bjarta aendelee. Mwisho wa habari ni mzuri. Baada ya vikao sita vya tiba, hatua kwa hatua, Bibi K. alipita handakini peke yake. Leo anaendesha humo kila siku bila wasiwasi.

Hapo hata kiti cha Rani kilitulia. Halafu, kwa upole ambao sikujua anao: "Jumapili nilikuwa barabara ya juu natafuta kondoo wa babu. Nilimwona. Alinipigia honi."

Nikasema muda umekwisha. Ulikuwa bado sana.

Niongeze hili, kwa haki: wote walisoma hadi mstari wa mwisho. Hakuna aliyeuliza maana ya neno, hakuna aliyeomba kwenda chooni. Kama kitabu, cha Bergur kimeshinda. Tatizo ni ule mstari wa mwisho.

Ijumaa, 7 Machi

Bjarta kabaki baada ya kipindi, anapanga kalamu ambazo zilishapangika.

Kaniambia kila asubuhi basi la shule linapoingia handakini anafunga macho na kubana pumzi hadi litoke. Tangu alipoanza shule. Wenzake wanadhani anasinzia. Hajamwambia mtu, hata mama yake, Óluva.

"Nilidhani Bi Sunneva anapenda tu mandhari ya kule juu," kasema. "Sikujua ni hivyo. Vile vikao vya kwenye kitabu, mwalimu, vinafanya kazi kweli? Maana kama yeye kaweza, hata kama Jumapili alipita juu, nitamwomba mama anipeleke kwa Bergur."

Nikamjibu: kitabu kinasema hivyo.

Sijawahi kusema sentensi ya woga kama hiyo mbele ya mwanafunzi, na nimewahi kufundisha elimu ya uzazi.

Jumapili, 9 Machi

Chakula kwa Sunneva. Nyama ya kondoo ya kukaushwa kibandani, viazi, jemu ya rubabu, ule mmea mchachu wa bustanini. Nilingoja kahawa ndipo nikampa karatasi za sura ya tano. Kavaa miwani kwenye ncha ya pua.

"Mwokaji?"

"Ni kukuficha, dada."

"Mtu yeyote aliyewahi kula keki yangu atajua si mimi."

"Ndiyo maana Bergur akachagua hiyo."

Kanitazama juu ya miwani. Kwamba yumo kitabuni haikuwa habari mpya kwake. Bergur alimwomba ruhusa, naye akamwambia andika tu, nani atajua. Akaendelea kusoma akitikisa kichwa taratibu, kama anasoma habari za jirani. Alipofika mwisho akavua miwani na kuikunja.

"Vilikuwa vinne," kasema.

"Nini vinne?"

"Vikao. Vinne vya kweli. Cha tano nilitakiwa niingie mwenyewe na gari. Nikafika mdomoni pa handaki, nikageuza. Nikampigia simu nikamwambia nimepita."

"Na cha sita?"

"Cha sita alikuja na maua, tukanywa kahawa."

Nikamuuliza kwa nini alidanganya. Hakukasirika. Alinieleza pole pole kama mimi ndiye mgonjwa. "Alikuwa amefurahi mno, Hanus. Alikuja kila wiki na mvua yote ile, ananishika mkono kama mtoto. Ningemvunjaje moyo?"

Nikamwambia yupo mtoto mmoja wa hapa kijijini, jina sitaji, ana shida kama yake, na amesoma ule mstari, na ameuamini. Sunneva kainuka akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

"Mwambie Bergur aiondoe hiyo sura," kasema akiwa amenipa mgongo.

"Mwambie wewe."

"Wewe ndiye mwalimu."

"Wewe ndiye mgonjwa."

"Mimi ni mwokaji."

Nikapewa jemu ya kubeba nyumbani. Ndivyo anavyofunga mjadala.

Jumatatu, 10 Machi

Sikufanya lolote. Nilifundisha mikondo ya bahari. Bahari haina mstari wa mwisho.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Bergur baada ya kazi. Njiani nilifanya mazoezi ya sentensi ya kumwambia ukweli. Nilikuwa nayo nzuri kabisa, fupi, ya kiume, nikaifikisha salama hadi mlangoni kwake.

Bergur alikuwa ameshachora jalada. Mlima, tundu jeusi chini yake, na mwanga mdogo unatokea. "Unaona?" kasema. "Ni yeye. Bibi K. ndiye roho ya kitabu."

Nikamuuliza kuhusu wale wengine, wa sura nyingine. Mmoja alihamia Kopenhageni kabla ya kumaliza. Mmoja aliokoka akasema hamhitaji tena. Mmoja alifariki, kwa uzee, Bergur kasisitiza, kwa uzee. "Watu huja, wanalia, wanaondoka, hujui kilichowapata. Miaka yote hii. Huyu ndiye pekee niliyemwona akipona kwa macho yangu."

"Kwa macho yako?"

"Kwa simu. Lakini sauti haidanganyi, bwana."

Nikanywa kahawa. Nikasema rangi ya mlima imetulia. Nikasema na tundu pia ni zuri.

Theluji ilianza nikiwa narudi. Nafundisha masomo mawili. Jiografia angalau hunifikisha nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi

Barabara ya juu imefungwa na theluji.

Marjun kanibana kwenye mashine ya kahawa. Kasema cha Kidenmaki kina maswali na majibu nyuma, na hakuna mtu humo ndani ambaye wanafunzi watakutana naye dukani. Hana habari ya chochote, au anazo zote. Kwa Marjun huwezi kujua.

Jioni nimempigia Sunneva nikamwambia sentensi yangu ilirudi nami nyumbani. Kwa hiyo kesho nitachagua cha Kidenmaki. Siwezi kumfundisha yule mtoto uongo, na kumwambia Bergur nimeshindwa.

"Kwa hiyo kitabu chake hakichapwi."

"Hakichapwi."

"Na yule mtoto atasoma habari za lifti."

"Ndiyo, dada."

Nikasikia redio yake ikisoma hali ya hewa ya baharini.

"Kesho usiendeshe," kasema. "Nitakupitia."

"Barabara imefungwa."

"Nina macho, Hanus."

Ijumaa, 14 Machi

Naandika garini. Hati mbaya kwa sababu ya baridi, na kwa sababu nyingine.

Sunneva yuko kwenye usukani. Tumesimama pembeni, sehemu ya kupishania magari, mdomo wa handaki uko mbele yetu. Kazima injini, kaiwasha, kaizima, kaiwasha. Masharti yangu nimepewa tulipotoka nyumbani: nisiseme, nisimtazame, na nikisema "vuta pumzi" nitashuka na kwenda shule kwa miguu. Nikauliza basi nifanye nini. Kasema fanya unachofanyaga, andika. Sikujua kwamba anajua.

Kavaa sweta la sikukuu. Mikono yote miwili imekamata usukani kama ataibiwa.

Lori la samaki limetupita. Dereva kapunguza mwendo kuuliza kama tumeharibikiwa. Sunneva kamjibu bado.

Sasa basi la shule. Linapita taratibu kwa ajili ya barafu. Bjarta yuko dirishani upande wetu. Kaliona gari jekundu, nina hakika, maana kainua mkono nusu, kama mtu asiyejua kama inaruhusiwa. Halafu basi likafika mdomoni.

"Kafunga macho," kasema Sunneva.

Mimi nimekatazwa kusema.

"Ni yeye, eti? Huyu binti wa Óluva."

Nimeitikia kwa kichwa, macho kwenye karatasi. Basi limeingia. Taa zake nyekundu zimeonekana kidogo, kisha hapana.

Sunneva amevua miwani, ameifuta kwa sweta, ameirudisha. Simu yangu inatetemeka mfukoni. Marjun, bila shaka. Siipokei, kitabu bado hakijachaguliwa.

"Nikigeuza," kasema, "utamwambia nini yule mtoto?"

"Naruhusiwa kusema?"

"Sema."

"Nitamwambia ukweli. Kwamba ulifika mpaka hapa."

"Hapa nilishafika mwaka juzi."

"Mwaka juzi hukuwa na abiria."

Kacheka kidogo, kwa pua. Halafu kaacha. Pumzi yake naisikia, fupi fupi, na sisemi lolote kuhusu pumzi.

"Usiinue kichwa," kasema.

Siinui. Naona karatasi hii, magoti yangu, na mguu wake wa kushoto unakanyaga klachi hadi chini. Mkono umetoka kwenye usukani. Gia imeingia. Kwenye gari hili gia ya kwanza na rivasi hulia sauti moja, na bila kuinua kichwa sijui kama tunaingia au tunageuza.