Haya Yetu, Mama Mukwe

Mama mukwe wangu wa heshima,

Sikuwahi kukuita kwa jina ulipokuwa hai, na leo pia sitathubutu. Kwenu Banalia, kama kwetu Maniema, mkwe mwanamume hamkazii macho mama wa mke wake, hali chakula naye, wala hasogelei mlango wa chumba anacholala. Nyumba yetu ya Lubunga ilikuwa ndogo, lakini tulijua kupishana. Wewe ulikula jikoni, mimi nikala barazani, na Salima, mjukuu wako, alitembea katikati akibeba maneno yetu. Wewe bibi yake alikuita koko. Koko anasema mafuta yamekwisha. Papa anasema ataleta jioni.

Nakuandikia kwa sababu wiki hii nimesema mbele ya wanaume wa Yanonge jambo ambalo mimi na wewe tulilificha. Hukuniomba nilifiche, wala mimi sikukuahidi, lakini tulielewana. Nasikia haya. Nimegeuza kiti changu ili nione mlango, nisije nikashtukizwa na mtu akasoma.

Ulibaki kwangu kwa ajili ya watoto. Mado, binti yako, alipofariki katika uzazi, ndugu zako walitaka urudi Banalia, maana mama hakai kwa mkwe ambaye mke wake hayupo tena. Ukawaambia Ramazani, mtoto aliyemwacha mchanga, bado hajaota meno. Meno yaliota, yakang'oka, yakaota mengine, na wewe bado upo. Asubuhi ulitwanga ndizi, ukauza lituma karibu na stesheni kwa watu wanaongoja treni ya Ubundu, na jinsi treni ile ilivyokuwa inachelewa, hukukosa wateja. Mimi nilikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Nikipita pale na wenzangu, nilivuka barabara kwa heshima, nawe ukageuza uso kwa heshima, na wenzangu wakacheka kwamba tunakimbiana kama watu wenye kesi.

Ugonjwa ulianza kwa damu, katika umri ambao damu ilikuwa imekuacha zamani. Hungeweza kuniambia, nami nisingeweza kuuliza. Niliona tu vitambaa umevianika nyuma ya jikoni, nikaondoa macho. Ulipoanguka pale kwenye chungu chako cha lituma ndipo nilipokupeleka mjini, hospitalini. Daktari alinieleza kwa Kifaransa, nadhani ili wewe usisikie, kwamba ugonjwa uko kwenye kizazi, umeenea, na hakuna cha kupasua. Tukavuka mto kurudi. Kwenye pirogi ulikaa mbele, mimi nyuma, ukaniuliza bila kugeuka:

«Amesema nirudi nyumbani?»

Nikajibu ndiyo.

«Bon. Na nyumbani sasa iko wapi, Banalia ao hapa?»

Nikasema ni hapa.

Mwanzoni majirani wanawake walikuja. Walikuogesha, wakawapikia watoto. Kisha ikaja harufu. Sina wa kumlaumu, harufu ile iliingia hata kwenye unga. Mmoja akapata safari, mwingine akapata mtoto mgonjwa, na waliobaki wakaanza kutusalimia kutoka barabarani.

Wakati huo, ng'ambo ya mto, Makiso, kulikuwa na nyumba iliyofunguliwa na wanawake wachache wa parokia pamoja na muuguzi mmoja aliyestaafu, Mama Furaha, mtu wa Kivu. Hawakuwa wa serikali wala hawakumlipisha mtu. Waliwapokea wale ambao hospitali imewaambia waende nyumbani, Mkristo, Mwislamu, yeyote. Vitanda vyao vilikuwa vichache na vilijaa, kwa hiyo wakaanza kuwafuata wagonjwa majumbani, kwanza upande wao wa mto, kisha upande wetu. Wewe ndiwe uliyekuwa mgonjwa wao wa kwanza Lubunga.

Mama Furaha alivuka mara mbili kwa juma, mfuko wa kitambaa begani. Alileta dawa ya maji, chungu sana, ya kunywa kwa kijiko, na mara ya kwanza ulipoinywa ulilala usingizi mzito hata Ramazani akaja kuniita akilia. Ulipoamka uliomba ndizi ya kuchoma. Nilisimama barazani nikasikia sauti yako inaomba chakula, nikaenda nyuma ya nyumba nikanawa uso.

Lakini mara mbili kwa juma si kila siku. Alipokuja tena alikugeuza, akakuta kidonda chini ya mgongo. Akatoka kuniuliza ni nani anayemwogesha mama siku ambazo yeye hayupo. Nikatazama viatu vyangu. Salima ndiye aliyejibu, akasema koko anajiogesha mwenyewe. Mama Furaha akamtuma mtoto maji, kisha akaniambia:

«Papa Salima, hawezi tena kujigeuza. Ni wewe sasa.»

«Ule ni bokilo yangu,» nikasema. Nilitumia neno la Lingala kwa makusudi, maana hapa Kisangani ukishasema bokilo umesema ukwe wote na miiko yake.

«Najua.»

«Haiwezekane.»

«Najua. Lakini kidonda haijue bokilo ni nini.»

Nilikwenda nikakaa relini mpaka jua likapoa. Ukuta wetu ulikuwa wa udongo, kila neno ulilisikia. Niliporudi, Salima alikuwa ananingoja na ujumbe. Koko anasema bora afe. Nami, mama mukwe, nikamtuma arudi ndani akakuambie kwamba Papa amesikia. Mtoto yule alibeba hata maneno hayo, akayafikisha jinsi yalivyo.

Siku chache baadaye nilitoka kazini nikamkuta Salima ameshika mabega yako anajaribu kukuinua, mikono yake imechafuka mpaka kwenye viwiko, analia bila sauti ili usimsikie. Na wewe ulikuwa unamwomba msamaha. Bibi anamwomba mjukuu wake msamaha. Niliwatoa watoto nje, nikachemsha maji, nikachukua kitambaa cha kichwa cha Mado nikajifunga macho. Nikapiga hodi. Nikaingia nikipapasa ukuta.

Uliniuliza kama nina macho. Nikasema hapana, nimefunga. Kisha ukaanza kuniongoza kwa sauti ya chini kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kuume. Hapana, iko mbali. Chini kidogo. Nilimwaga nusu ya maji kwenye mkeka, ukasema watu wa reli tunajua kuosha chuma tu. Sikujua nicheke au niombe radhi. Jasho lilikuwa linanitiririka kana kwamba nimebeba taruma la reli.

Tulifanya hivyo siku kadhaa na tukadhani tumepata njia. Mama Furaha alipokuja kutazama kidonda, kilikuwa kimezidi. Nilikuwa nakisugua bila kukiona. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kidonda kinataka macho, akatungoja. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimewapa mgongo.

«Mulete ile kitambaa,» ukasema.

Nilidhani unataka kufuta machozi. Nikampa Mama Furaha, yeye akakupa. Niligeuka niliposikia unahema, nikaona umejifunga wewe macho, mikono yako myembamba inahangaika na fundo nyuma ya kichwa.

«Sasa wewe uone,» ukasema. «Mimi sitaona kama unaona.»

Mama Furaha aligeukia ukuta. Nilipiga magoti. Hayo yaliyobaki siyaandiki. Niseme tu kwamba mikono yangu, inayofungua nati za garimoshi, ilijifunza kukugeuza bila kukuumiza, na kidonda kikaanza kufunga.

Kila siku nilikuogesha kabla ya kwenda karakana, kitambaa kiko usoni pako. Na ndani ya giza lako, wewe uliyepitisha miaka bila kuniambia zaidi ya chumvi na mafuta, ukaanza kusema. Ulinisimulia Mado akiwa mdogo kwenu, kwenye mto Aruwimi, alivyoiba samaki wa kukausha akasema ni mbwa, na alipoona mbwa anapigwa akakimbilia katikati akapokea fimbo yeye. Sikuwa najua hadithi hiyo. Niliishi na mke miaka, na jambo zuri kuliko yote juu yake nililisikia nikiwa nimeshika taulo. Siku nyingine ulisema ulikataa posa yangu mara ya kwanza, kwamba ulisikia haya kumpa mtoto wako mtu wa Maniema asiye na ndugu hapa. «Haya ilikuwa ya bure,» ukasema. Nikaendelea kukausha miguu yako.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima, mtaa mzima uko nje na majembe kufyeka barabara. Kiongozi wa chama mtaani kwetu aliingia uani kutafuta kwa nini mimi sipo. Alinikuta naanika nguo zako za kulalia, zile za ndani pia. Alitazama kamba, akanitazama mimi, akatoka bila kuniambia nichukue jembe. Kufika Jumatatu karakana yote ilikuwa inajua. Hawakuniita tena Papa Salima. Waliniita Mama Salima. Mzee niliyekuwa nakula naye sahani moja alianza kuja na sahani yake. Niliosha mikono mara nyingi mbele yao, kama mjinga, na kila nilipoosha walicheka zaidi.

Sikukuambia, lakini watoto walisikia shuleni, na nyumba yetu haikuwa na siri. Asubuhi iliyofuata nilipoingia ulikuwa umeshajifunga macho. Uliniambia nikitaka kuacha niache, kwamba utamtuma mtu Banalia akawaite ndugu zako. Nilitamani kuacha, mama mukwe. Nikakuambia uinue mkono nianze na kwapa.

Ulikufa mchana, mvua inanyesha, dawa imekutuliza. Kitambaa kilikuwa kichwani, si machoni. Uliniangalia usoni, mara moja tu, nami sikuyaondoa macho yangu. Sijui kama nilikosa adabu.

Ndugu zako walifika. Wanawake wakaja kukuosha, wale wale waliokuwa wanasalimia kutoka barabarani, na shangazi yako akanitoa chumbani akisema si heshima mkwe kuona mwili. Nikatoka. Nilikaa barazani pamoja na wanaume, nikasikia maji yanamwagika ndani, nikajua kwa sauti kwamba wanakugeuza vibaya. Msibani kaka yako alisimama akawashukuru wanawake wa mtaa kwa kumtunza dada yake. Mama Furaha alinitazama kutoka upande wa pili. Nikamwomba kwa macho anyamaze, akanyamaza. Nilikuwa nakulinda wewe, ndivyo nilivyojiambia. Nadhani nilikuwa najilinda mimi.

Tangu hapo ile nyumba ya Makiso imekua. Wana watu wao Lubunga yote, na sasa wamefungua kituo kidogo Yanonge, chumba kimoja na ghala la dawa. Mama Furaha alinifuata akanieleza shida. Kule vijana wa kike wamekwenda mjini, wagonjwa wamebaki na wanaume, na wanaume hawagusi. Akaniomba niende nikaseme nao. Nilikataa. Akarudi. Nilikataa tena. Mara ya tatu hakuomba, alinieleza tu juu ya bibi mmoja aliyekutwa amelala kwenye uchafu wake, na watoto wake wa kiume watatu wamekaa nje ya mlango.

Nilikwenda. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya shule. Nilieleza jinsi ya kumgeuza mgonjwa, mto unaweka wapi, kidonda unakisafisha vipi. Nilisema mgonjwa, mgonjwa, mgonjwa. Mwishoni mmoja akauliza mgonjwa huyo alikuwa nani kwangu. Nilitazama sakafu.

«Mama ya muke yangu,» nikasema.

Wengine walicheka. Wawili walisimama wakatoka, na mmoja alitema mate mlangoni. Nilisimama pale kama mtu aliyevuliwa shati, nikawaza kwamba nimekuvua na wewe pia, mbele ya watu usiowajua. Nisamehe. Kama ningepata njia ya kusema ukweli wangu bila kugusa wako, ningeifuata.

Mkutano ulipokwisha, mtu mmoja alibaki akijifanya anapanga mabenchi. Ni mchuuzi wa chumvi, wa umri wangu. Alinieleza kwa kuzunguka sana kwamba nyumbani kwake kuna mama mukwe aliyepooza, na mke wake amekwenda Kisangani na bidhaa, hajarudi. Nikaenda naye. Tulipofika mlangoni alinishika mkono akaniuliza, polepole, yule mama asisikie:

«Haya inaisha siku gani?»

Nilitaka kumpa neno zuri. Nilikukumbuka, nikaona nisimdanganye.

«Haiishe,» nikamwambia. «Lakini mugonjwa analala mukavu.»

Akafikiri. Kisha akaenda kuweka maji motoni.

Lala kwa amani, mama mukwe. Salima ni msichana mkubwa sasa, anavuka mto kila Jumatano pamoja na Mama Furaha. Ramazani anakusalimu. Mimi nakusalimu nikiwa nimeinamisha macho, kama inavyonipasa.

Mukwe yako,
baba ya wajukuu wako