Mkono Wako kwenye Kikombe cha Bot Chebet

Kiprono rafiki yangu,

Sijui nianzie wapi, kwa hivyo naanza na lile baya. Filamu yetu imefutika. Wamerekodi mazishi yako juu yake.

Siku ile baba yako mdogo alitoa kamera chumbani mwako, akasema, "Huyu kijana amepiga video harusi ya kila mtu hapa Sosiot, na yeye azikwe hivi hivi tu?" Watu wakamshukuru. Kaseti ilikuwa ndani tayari, haina jina, akabonyeza tu. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama, namenya viazi huku nalia. Na nakala hatuna, kwa sababu ulikataa tuitoe mpaka umalize. Hata hospitali ulikataa mpaka umalize. Nimekukasirikia, Kiprono. Kifua kinakuua na wewe unatafuta jua la kupigia picha!

Jumapili iliyofuata tuliwasha deki nyumbani kwenu tuitazame filamu yetu, hatujui lolote. Bot Chebet, yule mama wa filamu yetu, alikuja. Unamjua, akitoka kazini haendi kwa watu, tangu kifafa kimwangushe katikati ya majani chai na wachumaji wenzake wakakataa hata kugusa kikombe chake. Lakini alikuja, amefunga kitambaa kipya kichwani, akaketi mbele kabisa. Alikuwa hajawahi kujiona. Akatokea anashuka mteremko na kikapu mgongoni, akacheka kwa aibu, akafunika mdomo. Halafu mikwaruzo. Halafu jeneza lako.

Mama yako akapiga nduru. Bot Chebet alibaki ameikazia TV macho, anangoja. Mwishowe akaniuliza, "Na mimi? Mimi nimeenda wapi?"



Unakumbuka walivyotucheka pale kwenye ukumbi wa video ulipowaonyesha kile kipande cha kwanza? "Hakuna hata ngumi moja? Huyu mama atachemsha chai mpaka lini?" Ukawaambia wangoje, kwani yeye si anangoja. Siku ya kupiga kipande kile taa hatukuwa nayo. Nilisimama nje na kipande cha bati jipya, namrudishia jua usoni kupitia dirishani, mpaka mikono ikafa ganzi. Nimeona sinema za helikopta na moto, nikazisahau kabla sijafika nyumbani. Uso ule, mtu mmoja anangoja maji yachemke na hakuna atakayekuja kunywa naye, sijausahau hata siku moja. Na sasa uko kichwani mwangu peke yangu. Naogopa utanitoka.

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuzima deki, kwa hivyo iliendelea. Betri ya kamera ilikuwa imekufa kabla hawajamaliza kukufukia. Mikwaruzo tena, halafu ikaja ile sehemu ya mwisho, haijaguswa. Bot Chebet anamimina chai, anasukuma kikombe mezani, na mkono wako unaingia kwenye picha unakichukua. Ulisema ni kosa, utaukata. Tukasikia sauti yako: "Imeiva, mama. Ongeza."

Baada ya kukuona ukizikwa, Kiprono! Nilitoka nje nikapiga kelele kama mwendawazimu. Niliporudi, Bot Chebet alikuwa amesimama, ameweka kiganja kwenye kioo. "Huyu alikunywa," akamwambia mama yako. "Alikunywa yote."

Kamera baba yako mdogo ameipeleka Ndanai kupiga harusi. Kaseti ninayo, na nimevunja kile kiplastiki cha pembeni, hakuna atakayerekodi juu yake tena. Bot Chebet amedhoofika, na msimamizi wa shamba la chai amemwambia apumzike kwanza. Sote tunajua maana yake: kazi hana tena. Filamu siwezi kukumalizia. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: kila Jumapili nikitoka kanisani nitapitia kwake, ninywe kwa kikombe kile kile.

Jana nilienda. Alimimina, akakisukuma kwangu, halafu akatazama pale mlangoni ulipokuwa ukisimama na kamera, akakitengeneza kitambaa chake.

Lala, rafiki yangu.

Nyaboke