Pendo, Namba Saba Yako Nimeitoa

Mwanangu Pendo,

Mbukwa, nakusalimu kwa Kigogo chetu. Huku tu wazima, zabibu tumeshapogoa, baba yako mguu unamsumbua lakini mdomo mzima. Nakuandikia hapa kwenye ukurasa wa kijiji, huu huu uliotutengenezea, kwa sababu jambo lenyewe linawahusu wote, na pia ili wale wanaosema Mama Pendo anaficha namba wasome kwa macho yao. Nimeandika kwa mkono, Mwalimu Eliza kanipigia chapa. Nimemwambia asiguse maneno yangu, labda nukta tu.

Nianze kwa kukusifu, maana nisipokusifu mimi atakusifu nani? Hapa Hombolo tulikuwa na bwawa letu na zabibu zetu, na mtu akitaka kuongea na simu apande kilimani. Ukaja wewe na nyaya zako, ukasimamisha mnara pale juu ya tanki la maji, mtoto wa kike, na suruali na kofia ngumu ya mafundi. Watu walitazama juu mpaka shingo zikawauma. "Yule nani?" "Yule? Wa Mama Pendo." Mimi nilikuwa pale chini na kapu langu. Ngazi sikuishika hata kidogo, walishika wengine. Kazi yangu siku ile ilikuwa kuulizwa ni mtoto wa nani.

Unakumbuka siku uliyonikabidhi daftari? Tulikaa mlangoni, nachambua mlenda. Ukasema, "Mama, kila nyumba ina anwani yake kwenye mtandao." Nikakwambia anwani naijua, si lile sanduku la posta la kanisa? Ukacheka. "Siyo hiyo, mama. Hii ni ya mashine." Ukaniandikia yale manamba marefu yenye nukta nukta, halafu ukasema huko mbele nisihangaike nako, ni sawa kwa wote kama jina la ukoo, kinachobadilika ni ile namba ya mwisho tu. Hapo nikakuelewa. Au nilidhani nimekuelewa. Moja ni ya mnara wenyewe. Mbili ofisi ya kijiji, tatu shule, nne kanisa, tano msikiti, sita sisi hapa nyumbani. Saba ukajiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: PENDO, KOMPYUTA. Ukasema ziko thelathini tu.

"Kwa nini thelathini?"

"Ndivyo nilivyopanga kwa sasa. Nikija likizo nitapanua."

Nikakuuliza kwa nini daftari unipe mimi wa darasa la saba, wakati kijiji kina vijana wa kidato cha nne. Ukanijibu, "Mama, wewe unajua nani anakaa wapi, nani kahama, nani kaoa. Mashine haijui." Maneno hayo nimeyasimulia kisimani, kanisani na kwenye mashine ya kusaga, nadhani watu wameshachoka nayo. Wachoke.

Ukaenda Botswana kuwafungia watu minara yao. Mavuno yakapita, yakaja mengine, yakapita. Kila nikikupigia unasema nikija nitapanua, na mimi kila nikiulizwa nasema anakuja.

Sasa niseme kosa langu. Bibi Eliza wa upande wa bwawani ana namba kumi na mbili. Mjukuu wake, huyu Mwalimu Eliza, alipojenga nyumba yake karibu na shule akaja kuomba namba. Pendo, wewe si unajua? Huyu karithi jina la bibi yake. Baba yake mzazi anamwita "mama" tangu yuko mgongoni. Bibi mwenyewe akimwona anapita anasema, "Mimi yule, nakwenda kufundisha." Sasa mtu huyo nimwandike mara ya pili kivipi? Nikamwambia, "Mbona umo tayari, mama? Kumi na mbili." Akaenda akaweka kumi na mbili.

Wiki hiyo ilikuwa vurugu. Bibi akiwasha, Mwalimu anakatika. Mwalimu akirudi hewani, Bibi anabaki na sura ya mwanawe wa Dar imeganda kwenye simu, mdomo wazi. Bibi akaja hapa na fimbo.

"Mama Pendo, yule mtoto ananivuta."

"Anakuvuta vipi, bibi?"

"Nikiongea ananivuta! Jina nimempa, na mtandao pia anautaka?"

Jioni akaja Mwalimu macho mekundu. "Mama, bibi hataki mimi niwe na nyumba yangu." Baba yako akasema chini chini, "Si warudi wakae nyumba moja, yaishe." Nikamwambia nyamaza wewe.

Nikakupigia. Ulicheka mpaka nikasikia wenzako huko wanakuuliza kuna nini. "Mama, mashine hazina wajina. Namba moja, mashine moja."

Neno hilo sijalimaliza mpaka leo. Ulinieleza kwamba mashine zote mbili zinasema mimi ndiye kumi na mbili, na mnara haujui umjibu nani. Sawa. Lakini mbona sisi tunajua? Ukiita Eliza kanisani wanageuka wawili, na hakuna anayekatika. Labda kwa kuwa mashine haikulelewa na mtu. Sijui.

Basi nikampa Mwalimu thelathini, ya mwisho iliyobaki, amani ikarudi. Na hiyo thelathini, wasomaji wajue, ndiyo niliyokuwa nimeitunza ya zahanati. Sikusahau. Nilisema moyoni, baada ya thelathini si kuna thelathini na moja? Namba zinaishaje? Nesi Zaituni alipokuja, yule dada wa Kondoa, mpole, na kisahani chake cha kunasa mtandao kimeshafungwa juu ya bati la zahanati, nikampa thelathini na moja. Ikagoma. Nikampa thelathini na mbili. Ikagoma. Nikakupigia, ukasema thelathini na moja ni ya kuwaita wote kwa pamoja, haipewi mtu, na thelathini na mbili ni kama kijiji kingine.

"Kijiji gani? Mkonze?"

"Hapana, mama, natoa mfano tu."

Huo mfano, mwanangu, ndio ulionimaliza kabisa.

Nesi akaliomba daftari aone mwenyewe. Akashuka na kidole mstari kwa mstari.

"Mama, shikamoo tena. Hii saba mbona kompyuta yake sijawahi kuiona hapa kijijini?"

"Hiyo ina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

Angeuliza tena ningemjibu vikali, lakini alinirudishia daftari akaenda zake, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nikakupigia tena, safari hii siyo habari ya namba. Nikakuuliza unakuja lini. Ukasema, "Mama, mtandao unakata." Pendo, haukuwa unakata. Nilikuwa nakusikia unapumua.

Sasa sikiliza. Alhamisi nilipita zahanati kuchukua dawa ya mguu wa baba yako. Kulikuwa na mama mmoja kitandani, mimba changa, damu inamtoka. Nesi alitaka kuongea na daktari wa Dodoma aambiwe afanye nini wakati gari linatafutwa. Akaniambia, "Mama, mshike mkono huyu," akatoka mbio kupanda kile kilima na jua lile, simu mkononi. Nilimshika yule mama. Mkono ulikuwa wa baridi. Aliniuliza, "Nesi kaenda wapi?" Nikamwambia kaenda kupiga simu. Akauliza, "Si mnasema kijiji kina mtandao?"

Nikamvutia shuka, mimi ninayeutangaza mtandao wako kila mahali.

Gari lilikuja, yule mama yuko hai, mtoto hakukaa. Nesi anasema huenda asingekaa kwa vyovyote vile. Huenda. Nilirudi nyumbani nikachukua daftari na kalamu. Nilidhani nitaandika pembeni ya jina lako, nikaona hapana, mashine hazina wajina. Nikapiga mstari juu ya jina lako. Mkono wangu ndio uliokufundisha kuliandika. Nikaandika: ZAHANATI. Nilipompelekea Nesi namba yake, kiliwaka kitaa cha kijani kwenye mashine yake, akanikumbatia, na mimi nikaenda nje nikasimama, sijui nimefurahi au nimefanya nini. Baba yako aliniuliza, "Umemkata mtoto?" Nikamwambia nimekata kompyuta. Lakini hata mimi sikujiamini.

Bado nyumba tano zinasubiri. Mwenyekiti amempata fundi wa Nzuguni anayesema anaweza kupanua, zikawa hata mia na zaidi. Kapanda, kashuka, anasema mnara unamuuliza neno la siri. Na neno hilo unalo wewe peke yako.

Ndiyo maana naandika. Kama unakuja, niandikie siku, tutamwambia fundi asubiri, na nitapita kila nyumba kutangaza, unanijua. Kama huji, kama umepata maisha yako huko, mchumba, nyumba, au umechoka tu na vumbi letu, usinieleze mengi. Tuma hilo neno la siri. Nitumie mimi, siyo mwenyekiti. Nitamsomea fundi herufi moja moja, na nikifika ya mwisho nitakuwa nimeshajua. Sitalia mbele ya fundi. Nitamwambia mnara huu aliujenga mwanangu, kwa hiyo ukishamaliza ushuke taratibu.

Ni mimi niliyekuzaa na kukutangaza,
Mama Pendo