Msimamizi Aliyeandika "Hali Shwari"

Mwaka umetimia, Annah, tangu maradhi ya wiki mbili yalipokuondoa kwetu Machi 2017, na hapa Jebel Ali, Dubai, bado hatujazoea nyumba tulivu, maana kelele zako hazikuwa haba.

Ulilinda geti la ghala miaka saba. Madereva wa malori walianza kwa kukuogopa, wakaishia kukuletea chai. Ijumaa, siku yako ya kupumzika, ulikuwa mtaa wa Naif na kikundi chenu cha washauri, ukiwashauri Wakenya na Waganda waliotekwa na kubeti mpira kwenye simu.

Chuo cha Nairobi kilichowafunza kwa mtandao kikasema kikundi kitafungwa bila msimamizi aliyefuzu, wa kuwasikiliza washauri wenyewe. Ukajiandikisha kusomea usimamizi huo. Aliyeogopa zaidi ni mimi mumeo, kwa kuwa mshauri wangu alikuwa Gerishom wa kikundi hicho. Kingefungwa, ningerudi kwenye mikeka yangu ya kubeti mechi saba saba.

Katika mtihani wa kwanza uliangushwa na mazoea ya geti. Ulipewa kikao cha mshauri mwenzako Lynette na mteja ukisikilize, uandike utakavyomsaidia. Wewe ukaandika: "Saa 4:05, mteja ameingia. Saa 4:20, mteja analia, asema mkeka umechanika. Saa 4:50, mteja ametoka. Hali shwari."

Mkufunzi alikupigia simu huku anacheka. "Sasa Annah, na Lynette je? Yeye alikuwa na hali gani?"

Ulinuna siku mbili. Kisha ukamuuliza Lynette swali hilohilo, naye akazungumza saa nzima; kumbe yule mteja alimkumbusha babake. Na wewe, ajabu ya Mungu, ulinyamaza saa nzima! Uliporudia ulifaulu, ukacheza sebuleni hadi jirani yetu Rafiq akabisha kuuliza, "Mmepata mtoto?"

Faili langu hukuruhusiwa kuligusa. Lilisimamiwa kutoka Nairobi. Mimi sikuamini. Nilidhani wewe na Gerishom mnanijadili, nikawa nakujibu kwa mkato. Siku ya mazishi, kule Lugari, Kenya, Gerishom aliniambia hukuwahi kumuuliza habari zangu hata mara moja. Nyumbani nako uliniuliza jambo moja tu, kila jioni: "Umekula?"

Nimekula, mke wangu. Na sijabeti.

Tunaokukumbuka ni mimi Gibson, wanao Judy na Sammy, dadako Serah, na Gerishom, Lynette na wenzao, ambao bado hukutana kila Ijumaa. Maadamu tupo, Annah, hutatutoka moyoni.