Chungu cha Mama Utsav

Mtaa wa Swahili, Kariakoo
6 Agosti 1994

Baba,

Shikamoo. Natumai goti limepungua maumivu na huko Masasi mnaendelea salama. Sisi wazima, ila mimi sina raha.

Tangu uondoke mwaka jana sijakuandikia, na leo nakuandikia kwa shida. Tafadhali usiichane barua. Vile vyungu vya plastiki nilivyojaza uani baada ya kuviondoa vyako vimepasuka kwa jua. Wateja wakaanza kuulizia vya saruji vya mzee Bakili. Nikachukua kalibu zako za kumiminia saruji, nikachanganya kama nilivyokuwa nakuona: saruji, mchanga, usumba wa nazi uliotwangwa. Baba, vimetoka! Vyepesi, unanyanyua kwa mkono mmoja.

Sasa Mama Utsav, mteja wako wa Kisutu, kachukua kimoja akapanda tulsi, ule mmea anaouwashia taa kila asubuhi. Mbegu yake ilitoka kwa marehemu mkwewe, na umebaki huo mmoja tu. Wiki mbili, majani yamekuwa njano, yanapukutika. Hakunigombeza. Kanishika mkono, akasema, "Zamda, muulize baba yako." Bora angenitukana.

Nimekosea wapi?

Mwanao,
Zamda

Masasi
10 Agosti 1994

Zamda,

Marahaba. Goti bado linasumbua, lakini natembea. Salamu nyingine baadaye, maana konda wa basi anaingojea barua hii.

Ung'oe huo mmea leo hii! Upande kwenye kopo la maziwa, udongo mpya, uweke kivulini. Mchanganyiko hukukosea. Saruji mpya ina ukali wake, maji yanautoa, nao unaunguza mizizi. Chungu kikae chini ya gunia bichi siku saba, kisha kizamishe kwenye pipa. Kila asubuhi mwaga maji, jaza mengine, mwezi mzima. Ukichovya vidole na maji hayatelezi tena, panda. Chungu kikipasuka wakati wa kuung'oa mmea, lowanisha ufa, paka uji wa saruji, kaza kwa kamba.

Ndiyo maana nilikuwa navimwagia maji kila asubuhi pale uani. Uliniona.

Baba yako,
Bakili

Kariakoo
9 Oktoba 1994

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo tena! Hamjambo wote? Hapa leo ni furaha tupu.

Umepona! Kwenye kopo ulikaa kama umekufa, mimi nimekonda. Wiki ya tatu ukachipua. Jana tumeurudisha kwenye chungu kilekile, mdomo wake ulipasuka nilipoung'oa mmea, nikauunga kwa uji wa saruji. Mama Utsav kauwashia taa, kalia, halafu kanijazia vitamu vya ladu kwenye kanga.

Baba, nilikucheka mbele ya majirani. Nilisema mzee kashachanganyikiwa, anamwagia maji vyungu vitupu. Ulisikia, najua. Ungeweza kuninyamazia, lakini ulinijibu konda akiwa mlangoni. Asante, baba. Nisamehe.

Mwanao,
Zamda

Masasi
15 Oktoba 1994

Mwanangu,

Marahaba. Huku ni wazima. Shangazi yako Kuruthumu kataka nimsomee barua yako mara mbili, anashangilia kama ni harusi.

Lakini asante yako inanichoma, ngoja niseme. Siku naondoka niliona umezifunga kalibu zangu kwa gunia, hukuzitupa. Nikajua iko siku utazitumia. Neno la maji lilikuwa mdomoni, nikalimeza. Nikasema moyoni, acha vimharibikie, ajue baba yake si mwehu. Kumbe kinyongo changu kingeua mmea wa marehemu wa watu. Wewe ulinicheka tu. Mimi nilikuacha uharibikiwe makusudi.

Nisamehe, mama. Nashukuru sana kwamba uliuliza. Mimi nisingeuliza.

Baba yako,
Bakili

Kariakoo
22 Oktoba 1994

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimekaa ukingoni mwa pipa. Nimekasirika kidogo, nimelia, halafu nimecheka peke yangu: kumbe kununa nimerithi kwako! Nimekusamehe, tena kabisa.

Mama Utsav na dada zake wanataka vyungu sita. Mikono yangu haitoshi, na kusema kweli nimechoka kukaa uani bila wewe. Konda Melkiori anayo tiketi yako ya Alhamisi. Usimbishie.

Majirani wananiona napaka chokaa chumba cha mbele, wananiuliza anahamia nani. Nimewaambia anarudi fundi aliyenifundisha kazi.

Mwanao,
Zamda