Nywele za Nyar Japan

Jumamosi, 3 Februari 1996
Nimefunga saluni saa kumi. Wateja wa kusuka walipotoka, watoto wangu wa kanda wakaingia na redio yao. Si watoto wangu. Sina. Ouma ana miaka ishirini, Akinyi kumi na tisa, wengine hapo hapo. Mimi arobaini na moja, mjane, na ninaupenda muziki huu kuwashinda wote.

Roki ya Kijapani, hapa Kaloleni. Ouma ni fundi wa pampu kwenye skimu ya mpunga Ahero, na injinia mmoja Mjapani humwazima kanda. Mwimbaji tunamwita Nyar Japan, binti wa Japani, maana picha ya kwanza tulidhani ni mwanamke. Wanja, midomo myekundu, nywele zimesimama kama ufagio. Kumbe mwanamume. Jina limebaki.

Nimemsimamishia Akinyi nywele kwa jeli. Miaka yote ya shule alinyolewa kwa amri. Hizi ndizo nywele zake za kwanza. Alijitazama kwenye kioo mpaka wenzake wakaanza kumtania. Ananiita Rozi tu. Hilo peke yake linanitosha wiki nzima.

Jumapili, 11 Februari
Betri ziliisha katikati ya wimbo. Nikaumalizia kwa mdomo, neno kwa neno, bila kuelewa hata moja. Ouma akasema, "Omera, ndugu zangu, huyu ndiye Pim wetu." Wote wakacheka.

Pim. Yule bikizee ambaye wasichana wa zamani walilala kwake akiwafunza mambo. Nilicheka nao. Nimefika nyumbani nimekasirika hadi chai imepoa. Kwani sikio lina umri?

Jumamosi, 17 Februari
Ouma kaleta gazeti la Kijapani. Hatusomi, tunatazama. Picha ya mashabiki ukumbini: mbele wasichana wadogo waliojipaka wanja kama yeye. Nyuma kabisa kuna mama wa makamo, miwani, mkoba kwapani, analia. Nikafurahi. Nikamwonyesha Akinyi.

"Huyo labda amemleta binti yake," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeuma.

Jumatano, 28 Februari
Nyar Japan amekufa. Injinia alimwambia Ouma leo pale kwenye pampu. Sababu hatujui. Akinyi amelia hadi wanja ukamfika shingoni. Mimi nimelia chooni.

Wanataka kunyoa vichwa, vile tunavyonyoa siku ya nne baada ya kumzika mwanamume wa nyumbani. Nikawaambia hiyo ni ya ndugu.

Akinyi akasema, "Rozi, si ni sisi tu ndugu zake huku? Na dani, nyanya yangu, alikuwa anasema lazima mama mtu mzima ndiye ashike wembe. Sasa ni nani mwingine, kama si wewe?"

Nimekubali. Mara ya kwanza umri wangu unatakiwa mahali.

Jumamosi, 2 Machi
Nimewanyoa. Wembe mpya, maji ya vuguvugu, kanda yake ikilia pembeni. Akinyi wa mwisho. Nywele zake zilianguka na jeli bado.

Nilijua mtu hanyoi hivyo kama nyumbani kwao hakuna aliyekufa. Kila aliyekulia huku anajua ni kukiita kifo nyumbani. Nilinyoa tu. Walinizunguka, vipara vinang'aa, wakanishukuru mmoja mmoja. Nilikuwa wa kwao. Furaha mbaya.

Jumapili, 3 Machi
Mama Akinyi kaja moja kwa moja kutoka kanisani.

"Mama, nani amekufa kwangu?"

Nikasema hakuna.

"Basi umemnyoa mtoto wangu matanga ya nani?"

Nikaanza kueleza habari za Mjapani. Maneno yalikuwa ya kijinga hata masikioni mwangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo ndilo baya zaidi.

"Wewe na mimi ni rika moja," akasema. "Wale ni watoto, hawajui kitu. Wewe ulikuwa unafanya nini katikati yao?"

Baba Akinyi yuko Awasi, mzima, anauza mahindi yake. Najikumbusha hilo kila nikikaa.

Jumapili, 10 Machi
Baba Akinyi amefariki. Malaria. Alhamisi alikuwa sokoni.

Mtaa wote unasema bintiye alinyolewa matanga yake akiwa bado hai. Siamini. Baada ya saa moja naamini. Hakuna mteja aliyeingia tangu habari zifike. Ouma amepita upande wa pili wa barabara, kofia hadi machoni. Ningekuwa na miaka ishirini wangesema ni utoto. Mimi wananiita mchawi.

Jumamosi, 16 Machi
Mazishi, Awasi. Nilisimama nje ya ua. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenisalimu. Akinyi alikuwa kando ya kaburi, kitambaa kichwani. Hakugeuka. Nimejichukia siku nzima.

Alhamisi, 21 Machi
Mvua tangu asubuhi. Akinyi kaja, peke yake.

Jana walinyoana nyumbani. Mama yake, kaka zake, wote. Zamu yake ilipofika shangazi akaondoa wembe. "Wewe ulishanyoa," akamwambia. Akaachwa ameketi hapo chini, wengine wakaenda kuoga.

Alikaa kwenye kiti cha saluni akafungua kitambaa. Nywele zimeota kidogo tu.

"Mama," akasema, "ninyoe ya baba."

Si Rozi, si Pim. Nikachemsha maji. Redio iko pale kwenye rafu, hakuna aliyeigusa. Nilimnyoa polepole, kuanzia kisogoni, naye alilia bila sauti na sikumwambia anyamaze.

Hazikujaa hata kiganja. Nilizifunga kwenye karatasi, akaziweka mkobani, akaenda kutafuta gari la Awasi, azipeleke kwa baba yake.