Hapana ya Baba kwa Rafiki Mchina

Shangazi yako kawa profesa! Binti yangu mimi, niliyeishia darasa la saba, anawafundisha Waingereza siasa za China!

Hujambo Neema, mjukuu wangu? Sisi Birmingham tu wazima. Unauliza kama ukipokea ufadhili wa China itabidi uwaunge mkono kwa kila kitu, na hivi mataifa makubwa yanatunishiana misuli. Baba yangu alijenga reli na Wachina, akawapenda. Siku moja msimamizi wao alitaka kulipua mwamba. Baba akamwambia kwa Kichina, “Hapana, rafiki. Watu wangu bado wako chini.” Mchina akafoka, akaenda kuchungulia, akarudi akammiminia Baba chai. Nawashukuru wote wawili mpaka leo.

Nenda ukasome. Sherehe ya shangazi iko kwangu Perry Barr, nawe tutakupigia simu. Ninyi wengine mnaosoma hapa kwenye kundi la familia, wote tunawategemea Jumamosi.